Siku Moja ya Kocha wa Tenisi Mjini Tabora

Saa 11 alfajiri, nikifungua mlango, jirani yangu anayekaanga maandazi huniuliza swali lile lile: "Baba, leo tena unakwenda kucheza?" Humjibu kwamba ninakwenda kazini, naye hucheka, maana hajapata kuona mtu mzima akienda kazini na kaptula na raketi mgongoni. Simlaumu. Wengi wanaifahamu tenisi kwa kuiona kwenye televisheni tu, na kule haonyeshwi mtu anayebeba madumu ya maji gizani.

Madumu hayo ndiyo mwanzo wa siku yangu. Kiwanja chetu ni cha moramu iliyoshindiliwa, na mwezi wa Septemba, Tabora ikiwa haijaona mvua kwa miezi kadhaa, uso wake wote hugeuka vumbi, kiasi kwamba usipomwagiwa maji kabla ya jua kuchomoza, mchezaji anayekimbilia mpira huteleza na kuumia kifundo cha mguu. Baada ya kumwagilia ninavuta gunia lililofungwa kwenye ubao, kutoka mstari mmoja hadi mwingine, kisha ninachora mistari upya kwa chokaa. Kiwanja cha tenisi hakikadiriwi kwa macho: urefu wake ni mita 23.77, upana ni mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja na mita 10.97 kwa mchezo wa wawili wawili, na Tabora haina ruhusa ya kupunguza hata sentimita. Neti nayo huwa na mita 1.07 kwenye nguzo na sentimita 91.4 katikati. Ili kuhakiki hapo katikati, husimamisha raketi moja wima na kulaza kichwa cha raketi ya pili juu yake kwa upana. Zikigusa utepe wa juu, ninajua nipo karibu sana na kipimo.

Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu wanakuja watumishi wa ofisini, wanacheza, wanatoka jasho, wanalipa na kuondoka.

Saa 3 ninaketi kwenye kibaraza na mashine yangu ndogo ya kufungia nyuzi za raketi. Raketi ya kawaida huwa na nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo, na zile za mlalo hupitishwa moja moja, juu ya mmoja na chini ya unaofuata, huku kila mmoja ukivutwa kwa uzito ule ule. Ukikosea mpangilio katikati unafumua na kuanza upya. Kwa kazi hii wateja hunisifu kuliko kwa ufundishaji wangu wote, jambo ambalo hunifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja.

Kisha kuna mipira. Katika mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, yaani vipande saba vya mchezo, halafu baada ya kila gemu tisa. Hapa mpira huishi mpaka moramu imalize manyoya yake, kwa hiyo nimechora alama kwenye nguzo ili niipime. Kanuni inasema mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, uruke kati ya sentimita 135 na 147. Inayoshindwa ninaiweka katika ndoo ya wanaoanza, na ile isiyoruka kabisa huombwa na watoto wa mtaani, ambao huifanyia mpira wa miguu.

Saa 8 mchana kuna kundi la shule ya msingi, watoto wengi kuliko raketi, jua likiwa utosini. Nitasema tu kwamba mpaka saa 9 na nusu sauti yangu huwa imekwisha.

Saa 10, ambayo kwa kweli ilikuwa imekaribia saa 11, gari jeupe likaegeshwa chini ya mwembe. Akashuka mzee mmoja mfanyabiashara wa mpunga, pamoja na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto mwenye zamu iliyofuata alikuwa tayari amefika na amesimama pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kocha. Huyu bado unampa ile mipira ya kitoto?"

Nikamweleza, kama nilivyomweleza kabla, kwamba mpira wa rangi ya machungwa una kasi pungufu kwa asilimia 50 kuliko mpira wa kawaida, na kwamba umetengenezwa hivyo makusudi ili mtoto apate muda wa kujipanga na kuupiga ukiwa usawa wa kiuno badala ya kuruka juu ya kichwa chake. Hakuridhika. Akafungua mlango wa nyuma na kutoa raketi mpya ya inchi 27, ya mtu mzima, aliyoagiza Dar es Salaam. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, na kila alipoizungusha kifundo cha mkono kilipinda nyuma. Nikaomba tuendelee na ya inchi 25. Mzee akakataa, akavuta kiti hadi pembeni ya kiwanja na kuanza kufundisha: "Piga kwa nguvu! Unaogopa nini?" Mtoto akawa anamtazama baba yake badala ya mpira, na katika tenisi hilo ndilo kosa la kwanza.

Nikasimamisha zoezi. Ndipo akaniuliza alichokuwa amekuja kuuliza, kuhusu Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza.

"Kocha, mimi ni mtu wa hesabu. Niambie mwaka. Huyu Wimbledon anafika mwaka gani?"

Nilichoka ghafla, lakini alistahili kujibiwa, kwa sababu fedha anayotoa ni yake. Nikamwambia kwamba mchezaji wa kulipwa huanza mwaka wake Januari huko Australia na kumaliza Novemba, na pointi anazopata, ambazo hupanga nafasi yake duniani, hudumu wiki 52 tu, kisha hufutwa, hivyo asiposhinda tena mahali pale pale jina lake hushuka. Ngazi ya chini ya wanaume ina mashindano ambayo zawadi yake yote ni dola 15,000, wakigawana washiriki wote; bingwa wa mchezo wa mmoja mmoja huondoka na dola 2,000 na kidogo, na nauli, chakula, hoteli na nyuzi ni juu yake mwenyewe. Hali ni ngumu kiasi kwamba mwaka 2024 chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, ATP, kilianza kuwahakikishia kipato cha chini walio ndani ya nafasi 250 za kwanza duniani. Wa 251 anajitegemea.

"Lakini yule Mkenya alishinda," akasema.

Alishinda kweli, na mimi nilishangilia. Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alitwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 2022 katika mchezo wa wawili wawili kwa wasichana, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Baada ya hapo alikwenda kusoma chuo kikuu Marekani huku akiendelea kucheza, akarudi na kushinda dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra mwaka 2024. Nikamtajia pia Yannick Noah, aliyeonwa na Arthur Ashe, mchezaji nyota wa Marekani, akiwa mtoto jijini Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971, akahamia Nice, Ufaransa, kufundishwa, na akashinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1983. Miaka 12, mzee wangu, na hiyo ni kwa aliyefika.

Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Basi tuanze na kumtoa kwenye mipira hii ya machungwa."

Somo likaisha hivyo, na yule mtoto aliyesubiri akapata nusu ya muda wake, jambo lililoniuma kuliko mengine yote, kwa kuwa mama yake huuza karanga stendi na hajawahi kuchelewesha ada.

Baadaye, giza likiwa limeingia na miguu yangu imekuwa mizito, nilipiga mipira ukutani kidogo, kwa sababu na mimi bado ni mchezaji, na mashindano ya Dar es Salaam hayamsubiri mtu wa Tabora anayeshuka kwenye treni akiwa na uchovu. Nilikunja neti, nikafunga ghala, nikaendesha baiskeli polepole hadi nyumbani. Sikumbuki nilikula nini.

Nikiwa ninavua viatu simu ikalia. Ujumbe wa mzee: "Nimetuma nusu ya ada. Nusu nyingine akishinda."

Nikamjibu kwamba ada ni ya kufundishwa na si ya kushinda, kwamba ninasubiri nusu iliyobaki kabla ya Alhamisi, na kwamba siku hiyo mtoto afike saa 10 kamili akiwa na raketi ya inchi 25.