Namna nilivyoanza kuelewa makala ngumu

Makala za kitaaluma zilinisumbua kwa muda mrefu, na tatizo halikuwa msamiati. Maneno nilikuwa nayajua karibu yote, lakini nikifika mwisho wa ukurasa, ukiniuliza nimesoma nini, sina jibu.

Ufumbuzi niliupata kwenye jaribio la wanasaikolojia John Bransford na Marcia Johnson la mwaka 1972. Watu walisomewa aya isiyo na neno gumu hata moja: panga vitu kwa mafungu, usifanye vingi kwa mkupuo, ukikosea itakugharimu. Waliosikiliza bila kudokezwa mada waliambulia kidogo. Walioambiwa mapema kwamba ni habari ya kufua nguo walielewa vizuri na kukumbuka mengi zaidi. Utamu uko hapa: waliotajiwa mada baada ya kusikiliza haikuwasaidia.

Basi siku hizi naanza na kichwa, aya ya kwanza na hitimisho, halafu naandika mstari mmoja: hili jambo nalijua kiasi gani? Kama silijui kabisa, natafuta kwanza maelezo mepesi, hata ya kitabu cha sekondari. Sioni aibu.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Tazama hii: “Aliangalia mawingu, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na mwavuli.” Mvua haijatajwa, umeileta wewe. Na huenda umeshaamua kama huyo mtu ni mwanamume au mwanamke, wakati sentensi imenyamaza.

Kwa hiyo nasoma na penseli mkononi, na kila nilichoongeza mwenyewe nakiwekea nukta pembeni. Kwenye riwaya nukta zinajaa na naziacha, maana raha yenyewe ndiyo hiyo. Kwenye mkataba au maelezo ya dawa, kila nukta naihoji: imetokana na sentensi ipi? Ikikosa pa kushika, naifuta.

Wapo wanaosema kila msomaji ana maana yake, yameisha. Sikubaliani nao. Hata Louise Rosenblatt, mtaalamu wa fasihi aliyeitetea nafasi ya msomaji tangu 1938, alitaka tafsiri iwe na msingi katika maandishi na isipingane nayo.

Hivi karibuni mkataba wangu mmoja ulisema malipo yatafanyika “baada ya kazi kukamilika”. Kichwani nilikuwa nimesoma “mara tu baada”. Nikaweka nukta, nikauliza ni lini hasa, wakaongeza tarehe kabla sijasaini.