Kilo za alfajiri: nilivyoandika malengo ya huduma yetu kwa msimbo

Mfumo tunaoutunza hapa Kisumu humaliza kazi yake kubwa kabla watu wengi wa mjini hawajanywa chai. Kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili, makarani wa vituo vya kupozea maziwa vilivyo kando ya barabara ya Chavakali kwenda Kapsabet, na vingine upande wa Kakamega, hupima maziwa na kuandika kilo kwenye simu. Seva iliyo kwenye wingu huzipokea na kumtumia mkulima ujumbe wa stakabadhi. Mwisho wa mwezi, kilo hizo ndizo malipo yake. Rekodi ikipotea, mtu amepoteza pesa, na mara nyingi ni pesa ya karo.

Nilipoajiriwa, kengele zetu zote, yaani tahadhari zinazompigia mhandisi wa zamu makosa yakizidi kiwango, zilikuwa zimewekwa kwa kubofya kwenye dashibodi. Usiku mmoja mwenzetu wa zamu alichoshwa na kengele iliyolia kila baada ya dakika chache bila sababu, akaipandisha kutoka asilimia 2 ya makosa hadi asilimia 40 ili apate usingizi. Simlaumu. Lakini kulipokucha alisahau kuirudisha, na hapakuwa na mahali palipoandikwa nani amebadilisha nini. Wiki tatu baadaye hifadhidata ikazidiwa na miunganisho, theluthi moja ya rekodi zikakataliwa kwa karibu saa nzima, na simu ya zamu ikanyamaza. Habari tuliletewa na meneja wa ushirika mmoja, naye aliisikia kwa wakulima.

Ndipo nikaomba kazi hiyo niifanye upya, kila kitu kiandikwe kwenye faili ndani ya Git, zana inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko na aliyelifanya, kama tunavyoandika programu yenyewe. Ila kabla ya kugusa faili nilipanda matatu nikaenda kuzungumza na yule meneja, kwa sababu namba ya lengo, yaani kiwango cha rekodi tunachoahidi kupokea bila kosa, haiwezi kutoka kwa mhandisi peke yake.

Yeye alitaka asilimia 100. Nikamwambia, mzee, hakuna anayeweza kukuuzia hiyo, hata mitambo tunayoikodi haitoi ahadi hiyo. Tukaanza na 99.5. Wengi hulihesabu lengo la namna hii kwa muda: asilimia 99.5 ya siku 30 inakuachia saa 3 na dakika 36 za kuzimika. Kwetu hesabu hiyo ni hatari, maana saa 3 na dakika 36 zinatosha kumeza asubuhi nzima ya maziwa, na bado ripoti ikaonyesha tuko ndani ya lengo. Kwa hiyo tukahesabu maombi, yaani kila rekodi ambayo simu inaiomba seva iipokee, badala ya dakika. Tunapokea rekodi kama 60,000 kwa mwezi, na nusu ya asilimia moja ya hizo ni rekodi 300. Hiyo ndiyo bajeti yetu ya makosa. Mfumo ukizimika kwa nusu saa, saa nane za usiku, bajeti karibu haiguswi. Ukizimika nusu saa hiyohiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bajeti ya mwezi mzima imekwenda.

Meneja aliifikiria ile 300 kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. "Zikwame, lakini ziwe zimefika kabla gari la maziwa halijaondoka. Dereva akishaondoka, siwezi tena kulinganisha kilo za kwenye simu na zilizo kwenye tangi."

Hapo tukapata lengo la pili: asilimia 95 ya rekodi zifike kwenye seva ndani ya dakika 15 tangu zipimwe. Simu ya karani huhifadhi saa ya kupima hata pasipo mtandao, kwa hiyo kipimo hiki kinashika pia zile rekodi zinazosubiri bondeni ambako mtandao ni wa kubahatisha. Seva peke yake isingeziona, maana seva huhesabu ombi lililoufikia mlango wake tu.

Vipimo vyetu vilikuwa tayari kwenye Prometheus, programu inayokusanya vipimo vya mifumo, kwa hiyo nilichagua zana inayoitwa Sloth, ambayo hugeuza faili ya malengo kuwa kanuni za Prometheus. Ipo pia OpenSLO, muundo wa kuandika malengo bila kujifunga kwa zana moja, na kama tungekuwa na mifumo miwili ya vipimo ningeanza nayo. Faili yangu ya kwanza ilikuwa na mistari isiyofika arobaini: jina la huduma, namba 99.5, swali ambalo Prometheus huulizwa ili kuhesabu maombi yaliyoshindwa, swali linalohesabu maombi yote, na nani aamshwe. Sloth huisoma na kuzalisha kanuni ambazo kwa mkono zingenichukua siku nzima, yaani viwango vya makosa kwa dakika 5, dakika 30, saa 1, saa 2, saa 6 na kuendelea hadi siku 30.

Kengele zenyewe hufuata kasi ya kula bajeti, hesabu iliyoenezwa na wahandisi wa Google. Ukila asilimia 2 ya bajeti ya siku 30 ndani ya saa moja, unakwenda kwa kasi mara 14.4 ya ile inayostahili. Kwa lengo letu ni sawa na makosa ya asilimia 7.2 ndani ya saa hiyo, na dakika 5 za mwisho nazo ziwe bado zinaonyesha tatizo, ili kengele isiendelee kulia jambo likiwa limekwisha. Nilimweleza hivyo yule mwenzangu wa zamu, akaniuliza mara mbili kama kweli haitamwamsha kwa kosa moja. Nikamhakikishia.

Usiku wa tatu ikamwamsha kwa kosa moja. Usiku huja rekodi mbili tatu tu, kutoka kwa simu zilizochelewa kupata mtandao. Moja kati ya tatu ikishindwa, hiyo ni asilimia 33. Nilimwomba radhi asubuhi yake, nikazima kengele ambazo Sloth huzizalisha yenyewe na kuandika nyingine juu ya vipimo vilevile, zenye sharti kwamba maombi yasipungue 30 ndani ya saa. Kisha nikaandika jaribio la promtool, zana ya Prometheus ya kujaribu kanuni, lenye takwimu za usiku kama ule. Tangu hapo, mtu akiliondoa sharti hilo, jaribio linakataa na badiliko haliingii.

Jambo lililonifunza zaidi lilikuja mwezi wa pili. Tulitoa toleo jipya Jumatano jioni. Alhamisi saa kumi na mbili na robo nikapigiwa na karani mmoja, mama wa makamo ambaye hufungua kituo kabla ya wote.

"Mwanangu, simu inaniambia niingie upya. Inataka namba ya siri."

"Ingiza tu, mama, hakuna shida."

"Nitaitoa wapi? Niliwekewa na kijana wenu mwaka jana, sijaiweka tena tangu siku hiyo. Na watu wamejaa hapa na mikebe."

Toleo lile lilikuwa limewatoa makarani wote kwenye mfumo. Nilifungua dashibodi huku bado namsikiliza: kijani, asilimia 100. Seva ilikuwa ikijibu upesi na bila hitilafu, jibu la 401 kila mara, yaani namba inayomaanisha "hujaingia kwenye mfumo", na faili yangu ilihesabu kuwa kosa majibu yanayoanza na 5 peke yake, yale ya hitilafu ya seva yenyewe. Yanayoanza na 4 nilikuwa nimeyaita makosa ya mtumiaji. Mama yule hakuwa amekosea chochote. Alikuwa anaandika kilo kwenye daftari la mkono kwa mwanga wa tochi, na kipimo changu kilimhesabia yeye lawama. Tulirudisha toleo la zamani, makarani wakaendelea, na kilo za daftari ziliingizwa mchana moja moja.

Siku hiyohiyo nikaandika badiliko la mstari mmoja ili 401 ihesabiwe kuwa kosa letu. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyelikagua, akauliza swali zuri: karani akikosea namba ya siri mara moja, tuihesabie seva kosa hilo? Tukabishana kwenye maelezo ya badiliko hilo mpaka jioni, tukakubaliana kwamba 401 ni kosa letu pale tu inapotolewa kwa rekodi ya maziwa, si kwenye ukurasa wa kuingia. Mtu ambaye tayari anapima hapaswi kufungiwa mlango. Mabishano yote yamebaki pale, pamoja na tarehe na sababu, na mhandisi mpya aliyekuja baadaye aliyasoma bila kuniuliza. Swali jipya nilipolipitisha juu ya takwimu za Alhamisi ile, bajeti ya mwezi ilionekana kwisha kabla ya saa moja kamili.

Tulikuwa tumeandika chini ya faili hiyo, na meneja wetu akaidhinisha, kwamba bajeti ikiisha hatutoi kitu kipya mpaka irudi, ila marekebisho tu. Kwa hiyo sehemu ya mkopo wa vyakula vya ng'ombe, ambayo watu wa mauzo walikuwa wameshaiahidi, ikasubiri. Walikasirika, na nilielewa. Niliwaonyesha faili, nikawaonyesha jina la aliyeidhinisha, tukarudi kazini.

Sasa kuna badiliko jingine linalongoja. Mvua zimechafua mtandao wa vituo viwili, na lengo la pili limeshuka chini ya 95. Mwenzangu anapendekeza dakika 15 ziwe 25. Nimemwandikia kwamba gari la Chavakali huondoka saa mbili na robo na karani wa mwisho hupima saa mbili kamili, kwa hiyo dakika kumi za ziada zinaiacha rekodi yake nje. Sijalikataa bado. Jumatatu meneja wa ushirika atakuwa kwenye simu, na tutalisoma pamoja naye kabla ya yeyote kubonyeza.