Nilivyoimudu kazi ya mitende katika jangwa la Arava

Arava ni bonde kavu kusini mwa Israeli. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 30, na kiangazi joto hupita nyuzi 40. Nilitoka Dodoma kwenda kufanya mafunzo ya kilimo kwa vitendo, nikapangiwa kibutsi, kijiji ambacho ardhi, mashine na mapato ni mali ya wanachama wote. Vingi vimeuacha mfumo huo. Hata Degania, cha kwanza kabisa, kilichoanzishwa 1910, kiliulegeza mwaka 2007. Chetu kilikuwa bado kinaushika: msimamizi wa zizi na mpishi walipata posho ileile.

Nilipewa mitende ya medjool, aina ya tende kubwa. Mtende una dume na jike, kwa hiyo baridi inapoisha tulikusanya chavua ya madume tukaipulizia maua ya majike. Kisha ikaja kazi ngumu ya kupunguza: mashine inakupandisha mpaka kileleni, kwenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, unaondoa tende changa nyingi ili zitakazobaki zinenepe. Moyo uliniuma kumwaga matunda vile, ila medjool isipopunguzwa haifiki ukubwa unaotakiwa sokoni.

Joto nililimudu kwa kuwafuata wenyeji. Tulianza kabla ya jua, tumevaa mikono mirefu na kofia pana, na maji tulikunywa bila kungoja kiu. Asubuhi tulikutana bwaloni kwa chai, na huko ndiko nilikopata elimu kubwa. Mzee mmoja wa mashambani alinieleza kwa nini mitende inapewa maji kuzidi mahitaji yake: visima vya kule vina chumvichumvi, na ile ziada ya maji ndiyo inayoisukuma chumvi chini ya mizizi. Maelezo hayo peke yake yalitosha kulipa safari yangu.

Kuosha vyombo kulikuwa kwa zamu, bila kujali cheo.

Baba alipopiga simu aliuliza kwanza, "Mvivu anasimamiwa na nani?" Nikamwambia yupo mpangaji wa kazi, lakini zaidi ni kwamba watu wanaonana bwaloni kila siku, na anayetega hujulikana. Pia mtu huomba mwenyewe kujiunga, hukaa kwa majaribio, ndipo wanachama humpigia kura. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa na vijiji vyetu vya ujamaa. Baba na jirani zake walihamishiwa kijiji cha namna hiyo wakati wa Operesheni Dodoma mwaka 1971, na hakuna aliyewauliza.