Rangi ya Mafuta

Mwaka 2009 nilikuwa nauza picha kwenye kibanda cha mjomba, Oysterbay, Dar es Salaam, si mbali na Morogoro Stores, maeneo yale yale ambako Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wetu wa kuchora, aliuzia picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960. Tembo, twiga, ndege wenye madoadoa. Vyote kwa rangi ya mafuta, ile ya kopo inayopakwa milango na baiskeli. Ukichora jioni, asubuhi unauza.

Katikati ya tembo hao ilining'inia picha moja isiyo na mnyama wala mtu. Yule kaka aliyeichora alikuwa amesomea kazi hiyo, akamwachia mjomba amuuzie kwa laki nne. Chini nyekundu ya tofali bichi, juu yake bluu iliyopakwa kwa kisu, nene kama siagi kwenye mkate, na mkwaruzo mmoja mweupe ukishuka kutoka kona. Ukiisogelea, inanuka tapentaini.

Kila mpita njia aliuliza, "Hii ni nini?" Nikamuuliza mchoraji mwenyewe. "Wewe umeona nini?" akanijibu. Jibu gani hilo la kumpa muuza duka? Basi nikawa natunga: leo mvua Kigamboni, kesho ugomvi wa ndoa.

Siku moja akaingia mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikaanza mvua yangu. Akaninyamazisha kwa mkono: "Niache niitazame, mwanangu." Akaitazama mpaka miguu ikaniuma mimi. Alitoa laki tatu na nusu bila kelele, akaomba akunjiwe, jioni anapanda ndege kwenda Mwanza.

Niligusa kwa kidole: kavu. Nikang'oa pini, nikafunika gazeti, nikakunja rangi ikiwa ndani ili isichubuke, nikakaza rababendi mbili.

Baada ya wiki simu ikalia. Alipoikunjua ilitoa sauti kama kitambaa kinachochanika, na nusu ya bluu ikabaki kwenye gazeti.

Yule kaka hakufoka. Alichukua picha yake nyingine, akabonyeza kidole gumba: juu ngozi, chini uji. "Rangi yenu inashika upesi, tina yake ya kuyeyushia ikiruka," akasema. "Hii ina mafuta ya kitani. Inakauka kwa kunywa hewa, tena inaanzia juu. Ikiwa nene hivi ni miezi. Na ukilazimika kukunja, rangi inakaa nje, kwenye bomba pana." Miaka mitatu kibandani nilikuwa natamka "rangi ya mafuta" kila siku, sikujua kuwa ni vitu viwili.

Mjomba akanipa simu nimwombe radhi mama, na nimwambie pesa zake zitarudi.

"Pesa sitaki," akasema. "Anichoree nyingine. Na wewe usiikunje."

Ilikwenda Mwanza kwa basi miezi saba baadaye, ndani ya sanduku la mbao nililoligonga misumari mwenyewe.