Karatasi ya Teksi ya Suvarnabhumi

Mwaka 2018 niliingia Bangkok, Thailand, kwa mara ya kwanza kupitia uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, safari ya kufuata nguo Pratunam, mtaa wa soko la nguo. Hadi namaliza uhamiaji na kuokota mabegi ilikuwa saa kumi na moja jioni, wakati ambao jiji zima lipo barabarani. Treni ya uwanja wa ndege ingenishusha kituo cha Ratchaprarop, si mbali na Pratunam, lakini nilikuwa na mabegi mawili makubwa. Dada mmoja mzoefu wa njia hiyo alikuwa ameshanielekeza: ukiwa na mizigo panda teksi, ila iwe ya mita, yaani kisanduku kinachohesabu nauli, na usiruke hatua hata moja.

Hatua ya kwanza ni hela. Mashine za kutolea fedha zinapenda kutoa noti za baht 1,000 (baht ndiyo hela ya Thailand), na dereva akipewa noti hiyo hana chenji, au anasema hana. Nilishuka mpaka chini kabisa, karibu na kituo cha treni, ambako kaunta za kubadilishia fedha zina bei nzuri kuliko zile za ukumbi wa wanaowasili. Nikaomba nipewe za 100, 50 na 20, nikazitia mfuko wa mbele.

Abiria wanatokea ghorofa ya pili, na teksi zinapangwa ghorofa ya kwanza, nje ya milango. Kabla sijashuka, watu wawili walinifuata kuniuliza kama nataka gari. Dereva aliye kwenye foleni ya mita hawezi kuacha gari lake aje kutafuta abiria ndani, kwa hiyo anayekufuata huko ana bei yake kichwani. Niliwapita.

Nje kuna mashine za kutolea karatasi za foleni ya teksi. Unachagua gari la kawaida, gari kubwa, au safari fupi, na hiyo ya mwisho ni ya wanaokwenda jirani na uwanja tu. Mtu wa mjini asiibonyeze hata kama foleni yake ni fupi. Karatasi inatoka na namba kubwa ya sehemu gari lilipoegeshwa, jina la dereva na namba ya gari. Yangu ilikuwa 23, na chini ya kibao cha 23 ilisimama teksi ya rangi ya waridi.

Dereva, mtu mzima mwenye shati la mikono mirefu, alinyoosha mkono aichukue. Hapo wageni wengi wanaiachia, na huo ndio ushahidi wao wote: likitokea la kutokea, bila ile namba ya gari malalamiko hayana pa kuanzia. Nilimwonyesha, nikaikunja, nikairudisha mfukoni. Kisha nikampa anwani ya hoteli iliyoandikwa kwa Kithai, pamoja na namba ya simu ya mapokezi. Madereva wengi hawasomi herufi zetu, na Kithai ni lugha ya toni, sauti ikipanda au kushuka neno linabadilika maana, kwa hiyo jina tunavyolitamka sisi linaweza lisieleweke kabisa. Nikaongeza, "Pratunam, Baiyoke," nikitaja lile jengo refu linaloonekana kutoka mbali. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaandika 700 kwenye simu yake na kunigeuzia kioo.

Mabegi yalikuwa bado chini, miguuni pangu, na niliyaacha hapo kwa makusudi. Yakishafungiwa kwenye buti huna tena nguvu ya kukataa. Nikasema, "Mita," nikaonyesha kwa kidole kile kisanduku cha kwenye dashibodi. Alitazama foleni nyuma yangu, akafungua buti.

Tulipoketi nilikodolea macho kioo cha mbele. Pale kuna taa ndogo yenye neno jekundu la Kithai, maana yake gari li tupu. Alipobonyeza mita, neno likazimika na kisanduku kikaonyesha 35. Hiyo ndiyo bei ya kuanzia, na ndani yake imo kilomita ya kwanza. Kwa viwango vya mwaka ule, kutoka hapo mpaka kilomita ya 10 kila kilomita ilikuwa baht 5.50, kisha 6.50 mpaka ya 20, kisha 7.50. Mwendo ukishuka chini ya kilomita 6 kwa saa ziliongezwa baht 2 kila dakika. Tarakimu hupanda mbilimbili: 37, 39, 41. Ikiruka zaidi ya hapo kwa mara moja, mita imechezewa.

Tozo za barabara ya juu hulipwa na abiria. Kibanda cha kwanza baht 25, cha pili 50, nikampa pale pale kutoka mfuko wa mbele. Baada ya kushuka mjini tulikwama, na mita ikaendelea kuhesabu dakika huku magurudumu yakiwa yamesimama. Safari ya kilomita kama 30, ambayo njia ikiwa nyeupe ingefika 225 hivi, iliishia 285.

Nikampa 290. Akatikisa kichwa, akanionyesha vidole vitano, halafu akachora sifuri hewani. Damu ilinipanda, nikajua ile 700 imerudi kwa mlango mwingine, nikaanza kumfokea kwa Kiswahili. Yeye hakupandisha sauti. Aliniashiria nitoe karatasi. Nilipoikunjua, akaweka ukucha kwenye mstari wa chini: baht 50 za uwanja wa ndege, juu ya mita na tozo za barabara. Mita haizionyeshi kamwe. Nilikuwa nimeilinda karatasi ile njia nzima bila kuisoma mpaka mwisho.

Nikaongeza 50, nikamwachia zile tano za chenji, na kwa kuwa sikuwa na neno la Kithai, niliunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Naye akafanya vivyo hivyo. Akashusha mabegi yote mawili, nikachungulia kiti cha nyuma kama nimesahau kitu, akabonyeza mita. Tarakimu zikafutika, na kwenye kioo lile neno jekundu likawaka tena.