Mradi wa mbung'o, wiki ya sita: nimefuta jedwali lote

Haya jamani, mnaouliza mradi umefika wapi, umerudi nyuma, na nimefurahi umerudi nyuma. Kwa wageni: niko Tanga, Makorora, jioni nikitoka kazini najifunza kupima miradi ya ushirikiano wa kiufundi wa nyuklia, ile ambayo IAEA, shirika la atomiki lenye makao Vienna, inafanya na nchi wanachama. Nimeanza na mmoja tu kwa sababu nusu ya kazi yake ilifanyika hapa hapa mjini kwetu, ule wa kumaliza mbung'o Unguja, wale inzi wanaonyonya damu na kuwaambukiza ng'ombe nagana, ugonjwa wa kuwadhoofisha na kuwaua.

Jedwali la kwanza lilikuwa na safu tatu: vifaa vilivyoletwa, watu waliopelekwa mafunzo, wataalam waliokuja. Wiki nne nzima najaza, likapendeza kweli. Jumamosi nikalipeleka kwa mzee jirani yetu aliyefanya kazi ya kulea mbung'o enzi zile. Shikamoo, marahaba, kahawa ikaja, nikamsomea pale barazani mwanzo mpaka mwisho, akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, kwenye karatasi yako hiyo mbung'o wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule ule nimefuta.

Akanieleza kazi yenyewe na mimi hapo nkasahau hata kahawa. Mbung'o hatagi mayai kama inzi wa jikoni, anazaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku tisa kumi hivi, na jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu. Kwahiyo ukilea madume wengi, ukawalisha damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni, ukawapiga mionzi ya gama wakawa tasa, ukawamwaga kwa ndege juu ya msitu, jike akikutana na huyo basi uzazi wake umeishia hapo. Walimwaga madume zaidi ya milioni 8.5 kuanzia Agosti 1994 mpaka Desemba 1997, na ikafika mahali kwa kila dume mmoja wa porini kuna matasa zaidi ya 50.

Sasa angalieni hizi tarehe maana ndo moyo wa mradi wangu wote. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Madume wakaendelea kumwagwa mwaka mzima na zaidi! Mtu wa hesabu za haraka ataandika hapo wamepoteza hela, inzi wameisha, ndege inaruka ya nini. Ila mtego mtupu hauna maana msitu mtupu, hasa kule Jozani kwenye kichaka kizito ambako inzi wachache wanaweza kukaa miezi bila kugusa mtego wako. Ile miezi kumi na tano ndo iliyofanya neno "wameisha" liwe la kuaminika, na kwenye jedwali langu la zamani ingeonekana kama gharama tu.

Alafu kuna Mkwaja. Wengi hawajui hii, hata hapa Tanga. Miaka ya 70 mbinu hiyo hiyo ilijaribiwa kwenye ranchi ya Mkwaja, sehemu ambayo leo imeingia Hifadhi ya Saadani, eneo la kilomita za mraba 195 na kuzunguka wakafyeka ukanda wa kilomita moja ili inzi wa nje wasiingie. Walipungua sana, lakini wa nje wakawa wanavuka ukanda wanaingia tena. Unguja ina bahari pande zote, Mkwaja ilikuwa na kilomita moja ya ardhi iliyofyekwa. Ukipima kwa vifaa na watu waliofundishwa miradi yote miwili inafaulu vizuri tu, ukipima kwa mbung'o, mradi mmoja umemaliza na mwingine umepunguza, na tofauti kubwa ni ramani. Hii imenikaa kichwani siku tatu.

Jingine linalonisumbua ni sifa ni ya nani. Kabla ya madume tasa, ng'ombe wa Unguja walikuwa wanamwagiwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa vinatundikwa porini, na bila hiyo kazi inzi wangekuwa wengi mno kwa madume kuwazidi. Kwahiyo nimeweka safu ya "kilichotangulia", na naona kila tathmini ingekuwa nayo.

Safu nyingine mpya ni uhai wa chanzo cha mionzi. Kobalti-60 inapungua nusu kila miaka mitano na kidogo, siziamu-137 kila miaka 30 hivi, yaani mashine uliyopewa leo inadhoofika hata ikikaa imefungwa, muda wa kuwapiga inzi unarefuka, na siku moja chanzo lazima kibadilishwe au kirudishwe kilikotoka kwa usalama. Ripoti ikisema tu "mashine imekabidhiwa" mimi sasa nauliza itabadilishwa lini na kwa bajeti ya nani.

Wiki ijayo navuka Unguja, nina ndugu Kizimkazi atanipeleka kwa wafugaji. Nilikuwa na maswali ishirini, mzee kayapitia kakata kumi na saba. Yamebaki haya: unafuga ng'ombe wa aina gani sasa, unampeleka kulisha wapi ambako baba yako alikuwa haendi, na mara ya mwisho umemchoma sindano ya nagana lini.