Munich imeanza kulainika

Jumapili, Kimara. Mvua tangu alfajiri, na umeme ulikatika mara mbili kabla ya saa nne.

Leo nilitaka kupika bia yangu ya nyumbani, stauti. Wiki nzima nimekuwa naiwaza, hata nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi jioni: nyeusi, povu la rangi ya chai ya maziwa, na ule uchungu wa kitu kilichoungua kidogo mwishoni mwa ulimi. Maji nilikinga jana, nikayaacha wazi usiku kucha kwenye ndoo mbili ili klorini ipungue. Asubuhi nikavuta lile boksi la plastiki la vimea, nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, lililo chini ya kitanda cha wageni, nikaweka mizani ya jikoni mezani, nikaanza kupima mfuko mmoja mmoja.

Pilsna, kilo 1.8. Munich, gramu 700. Karameli, gramu 400. Chokoleti, gramu 150. Shayiri ya kukaangwa, ile nyeusi tii inayoifanya stauti iwe stauti, hakuna. Niliimaliza Desemba nikajisahaulisha. Pembeni, kwenye mfuko wa sandarusi uliofungwa kwa kamba ya mgomba, kilo mbili za kimea cha ulezi alichonipa shangazi nilipokwenda Rombo kwa Krismasi.

Nilikaa pale sakafuni kama mtu aliyefungua friji akakuta limao na chumvi.

Mwaka wa kwanza wa huu ugonjwa wangu ningejua la kufanya: ningeng'ang'ania. Nilikuwa nachagua pombe kwanza, halafu ndo nahangaika kutafuta kimea chake. Na hapa Dar kimea hakiuzwi dukani kama sukari. Changu huja ndani ya masanduku ya watu: mfanyakazi mwenzangu akienda Nairobi, binamu akirudi likizo kutoka Ujerumani, kilo mbili huku, nusu kilo kule, kati ya viatu na mafuta ya nywele. Shayiri yenyewe inalimwa nchini, Monduli, Karatu, Siha, lakini inaondoka kwa malori kwenda viwandani. Mtu wa kilo mbili hana mlango wa kubisha hodi.

Ndo maana siku moja nilifanya ile aibu ya karameli. Nilikuwa na mapishi ya pombe nyekundu yaliyotaka kilo mbili na nusu za kimea kwa lita 10. Nilikuwa na kilo moja na nusu ya kimea cheupe, na karameli kilo nzima imekaa tu. Nikajiambia kimea ni kimea, nikajazia. Sikujua, au nilijua nikajifanya sijui, kwamba karameli imeshapikwa ndani ya ganda lake: sukari yake nyingi imekuwa ya aina ambayo hamira haiwezi kuila, na vimeng'enya vyake, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vilikufa kiwandani. Ndo maana watu huweka asilimia tano, kumi, wakizidi sana kumi na tano. Mimi niliweka arobaini. Kwenye haidromita, kile kipimo cha sukari iliyomo, pombe ilianza kwenye 1.050 ikashuka hadi 1.026, ikagoma hapo. Niliikoroga, niliihamisha, niliibembeleza. Wapi. Jirani yangu aliyeionja alimeza kwa heshima, akasema, "Kaka, hii ukiweka siagi ya karanga watoto wanaenda nayo shule."

Basi leo sikung'ang'ania. Nilianza kutafuna.

Hii ni njia ya kienyeji ila sijaona kipimo kinachoishinda. Punje ya pilsna ukiiuma inapasuka, ka!, unga wake mweupe unatawanyika ulimini na utamu unafuata. Ya chokoleti inavunjika kama buni iliyokaangwa. Karameli ni ngumu kama kioo, kisha inanata kwenye magego. Nikafika kwenye Munich. Nikauma, haikulia. Ilibonyea kama karanga iliyosahauliwa kwenye sahani siku ya mvua.

Nikaangalia mfuko. Kile kibanio cha nguo nilichofungia kilikuwa kimeshika upande mmoja tu. Miezi miwili ya hewa ya Dar, na masika juu yake, vimepita hapo katikati vikaingia. Nikanusa ndani kabisa, pua imezama. Ukungu hamna, ingekuwa ukungu ningetupa bila mjadala, hata kuku nisingewapa. Ilinukia mkate bado, ila mkate wa jana.

Nikampigia shangazi. Sikuwa na swali hasa kuhusu Munich, nilitaka kujua kuhusu ulezi wake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mvua huko?"

"Haijakata. Shangazi, kile kimea cha ulezi nikikichanganya kwenye pombe ya shayiri nitakiharibu?"

"Pombe ya shayiri unapika wewe?" Akacheka mpaka nikasogeza simu. "Haya. Ndizi zako zimeivaje?"

"Sina ndizi, shangazi. Hii haina ndizi."

"Sasa nani anakuambia siku ya kupika? Kimea kikikauka vizuri kinakaa, hakina neno. Ndizi ndo inasema ni leo au keshokutwa."

Nikamwambia kuna kimea kimoja kimepigwa na unyevu.

"Eeh, basi hicho ndo ndizi yako."

Akaendelea na habari za msiba wa jirani na bei ya mbolea, lakini mimi nilikuwa nimeshabaki na ile ndizi. Nimekua nikimwona anapika mbege: ndizi mbivu zinamenywa, zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinakaa siku kadhaa kwenye pipa, ndipo zinakamuliwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi na gome chungu la msesewe. Sikumbuki hata siku moja akiamka na kusema leo nataka mbege ya namna hii. Alikuwa anakwenda kuzibonyeza ndizi kwa dole gumba. Mimi nina programu ya mapishi kwenye simu inayochora na rangi ya pombe, na kumbe nilikuwa sijawahi kuliuliza boksi nani hawezi kusubiri.

Munich haiwezi kusubiri. Gramu 700 zote leo. Basi hesabu ikaanzia hapo. Munich ni kimea kilichokaushwa kwa moto kidogo zaidi ya pilsna, kinaleta ladha ya ganda la mkate na rangi ya asali. Vimeng'enya vyake vinatosha kujisaidia chenyewe, havibaki vingi vya kugawia wengine. Pilsna ndiyo yenye ziada, kwa hiyo kilo 1.3 ya pilsna iwe mgongo. Karameli gramu 150, na mkono wangu ulitetemeka. Chokoleti gramu 80, isitawale, itie kahawia tu. Jumla inaangukia kwenye pombe ya kahawia ya Kiingereza, kitu ambacho jana usiku sikuwa na hamu nacho hata kidogo.

Na ulezi gramu 300, kwa sababu shangazi ataniuliza.

Ulezi una tabia yake. Wanga wa shayiri unafunguka kwenye nyuzi sitini na kitu, palepale ambapo vimeng'enya vyake vinafanya kazi. Wa ulezi unataka moto zaidi, na moto huo ndio unaoua vimeng'enya. Kwa hiyo niliupika pembeni kama uji, dakika ishirini, nikiukoroga kwa mwiko usishike chini, nikauacha upoe kidogo, ndipo nikaumwaga kwenye sufuria kubwa juu ya shayiri iliyokwisha kulowana. Kipimajoto kikasoma 66. Mke wangu akapita, akachungulia, akauliza kama huo uji unabaki. Haukubaki.

Saa nzima chini ya blanketi kuukuu. Kimea nilikuwa nimekipasua kwa kinu cha mkono nilicholegeza meno. Mashine ya kusaga nilishakoma, kijana aliniuliza "Lishe, bosi?" nikaitikia, akanisagia unga laini kama poda na siku ile nilichuja mpaka usiku. Leo nilikamua vizuri kwenye mfuko niliouambia fundi ashone kwa kitambaa cha pazia cha Kariakoo. Ile togwa, yaani maji matamu ya kimea, ilitoka rangi ya mkaratusi uliolowa. Nikachemsha dakika 90 na sufuria wazi, maana pilsna ikichemshwa muda mfupi au ikifunikwa inaacha harufu ya mahindi ya kuchemsha, nayo ukishainusa mara moja huwezi kuacha kuinusa. Hopsi, maua ya kutia uchungu, gramu 20 mwanzoni, basi. Msesewe shangazi alinifungia kipande, lakini kipimo anakijua yeye, na gome lile si la kubahatisha.

Haidromita nikaitumbukiza nikisubiri 1.050. Ikasimama kwenye 1.046. Nikaigusa izunguke, labda imenata. 1.046. Nilitafuta kosa kwenye kinu, kwenye moto, kwenye lita, mpaka nikakumbuka ile Munich iliyobonyea. Pengo lote halielezi, ila zile gramu 700 hazikuwa zote kimea. Niliweka maji ya masika kwenye mizani nikayaandika kama shayiri.

Hamira ni kveik, ile ya wakulima wa magharibi ya Norwei, inayofurahia joto ambalo hamira nyingine zinalichukia. Ndani humu ni nyuzi 30 na haina shida. Zamani nilikuwa nazungushia ndoo mataulo mabichi na chupa za barafu, na bado pombe inatoka na harufu ya thina.

Sasa ni saa tatu usiku. Ndoo iko nyuma ya mlango, imeanza kupumua, povu moja kila sekunde tano hivi. Machicha yako uani kwa kuku wa mama mwenye nyumba, amenipigia kelele kwamba wanalala wakiwa wamevimbiwa.

Nimeshusha boksi mezani tena, nimekausha mfuniko kwa kitambaa, nimetupa vibanio vyote vya nguo na kuweka mitungi ya plastiki ya kubana. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila mmoja: pilsna gramu 500, karameli gramu 250, chokoleti gramu 70, ulezi kilo 1.7. Kabla ya kufunga pilsna nimetafuna punje tatu. Bado inalia.